Habari za Leo, Bwana Tumbo Kwanza

Alipokuwa mtoto wa kutambaa alimeza kishikizo, yaani kifungo cha nguo. Kilikuwa kishikizo cheusi cha koti la bwana mmoja mkubwa, na shangazi yake alishinda akimwomba Mungu na kuchungulia nepi, akimwomba na kuchungulia. Kilipotoka kikaoshwa, kikachemshwa, kikashonwa mahali pake, na yule bwana akalivaa koti lake mpaka likachakaa bila kujua kishikizo chake kilikuwa kimesafiri wapi. Tangu siku hiyo mtoto akaitwa Kishikizo. Alipoanza shule na daftari likaandikwa jina lake halisi, watu wa duka la ushonaji la shangazi yake walilitazama lile jina kama wanavyomtazama mgeni asiyebisha hodi.

Duka lilikuwa chumba kimoja kirefu. Mbele palikuwa na meza ya kukatia iliyojaa michoro ya chaki, kando ya dirisha cherehani mbili, na nyuma kabisa kabati refu la milango ya kioo. Kabati hilo waliliita Wodi, kwa sababu nguo zilizokwisha shonwa zililala humo zikiwangoja wenyewe kama wagonjwa wasio na ndugu. Zilibanana hata mlango haukufungika. Shangazi hakukubali kuiuza hata moja. "Nguo ya mtu ni amana," alisema. "Mungu anaona."

Cherehani ya kwanza ilikuwa ya Shangazi. Ya pili ilikuwa ya fundi aliyeitwa Kimya, na aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake ulikuwa haujawahi kupumzika. Aliongea akikata, aliongea akishona, na akiwa na pini mdomoni aliongea kwa pua.

Pale dukani kila mtu alikuwa na jina la dukani. Mteja mwenye kitambi kilichoingia mlangoni kabla yake aliitwa Tumbo Kwanza. Mama aliyeahidi kila mara kuchukua nguo kesho aliitwa Mama Kesho. Karatasi ndogo yenye jina hilo ilibanwa kwa pini kwenye nguo, na kazi ikaenda. Mbele ya mteja, bila shaka, ilikuwa "karibu bwana," "keti dada," "pole na jua, mama." Shangazi alikuwa na sheria moja juu ya jambo hilo, nayo ilisemwa dukani kama sala: "Jina la dukani halivuki kizingiti."

Kishikizo akakua chini ya meza ile, akaokota pini kwa sumaku, akajifunza kushona pindo, kisha akapata nafasi ya chuo kikuu. Alichosomea kiliunganisha kompyuta na biashara, yaani jinsi ya kujenga mifumo ya kuendeshea kazi za watu. Shangazi aliwaeleza waumini wenzake kwa fahari, "Mwanangu anasomea kompyuta zinazofanya biashara."

"Zenyewe?" akauliza Fundi Kimya. "Basi mimi na wewe tukalale."

Masomo hayakuwa lelemama. Katika somo la kuandika programu, alama moja ndogo ikisahaulika mstari mzima unagoma, na wenzake walilia kwa hasira. Kishikizo hakulia. Alikuwa amezoea tangu utotoni kwamba uzi mmoja ukiruka, mkono wa shati unakaa upande. Kilichomliza ni takwimu. Alianguka mtihani wa kwanza, akarudi nyumbani na macho mekundu, Shangazi akamwambia, "Fumua, ushone tena." Akafumua, akarudia, akapita. Alipenda hasa somo la kuchambua mifumo, ambamo walifundishwa kwamba kabla hujagusa kompyuta unakwenda kukaa na watu kazini kwao, unawaangalia, unawauliza.

Mwaka wa mwisho ukaja na mradi. Kila mwanafunzi alitakiwa atafute biashara ya kweli, aijengee mfumo, na mfumo huo ukutwe unatumika siku mhadhiri atakapokuja kuukagua. Mhadhiri wa mradi alikuwa bwana mwembamba, miwani yake ikining'inia kwa kamba shingoni, na aliwaambia bila kupepesa: "Mfumo usiotumika ni picha tu. Nikija nikikuta picha, tutaonana mwaka ujao."

Kurudia mwaka! Na Shangazi alikwisha watangazia watu wote siku ya mahafali, mpaka jirani amekwisha chagua kitambaa.

Kishikizo hakutafuta mbali. Aliitazama ile Wodi iliyofura, akasema moyoni, ugonjwa wenyewe huu hapa.

Mfumo wake wa kwanza ulikuwa nadhifu kama shati la sikukuu. Uliuliza jina la kwanza la mteja, jina la ukoo na mtaa anaokaa. Akauweka kwenye kompyuta ndogo pembeni ya meza ya kukatia, akaenda darasani. Aliporudi akaukuta mtupu.

"Fundi, mbona hukuandika kitu?"

"Niandike nini? Kompyuta inataka jina la ukoo." Fundi Kimya alitoa pini mdomoni, dalili kwamba jambo ni zito. "Mtu nimemshonea tangu ana nywele kichwani, leo nimuulize, eti samahani, unaitwa nani? Atajua nimeanza kuchanganyikiwa. Atakwenda kutafuta fundi mwenye akili zake."

"Kuuliza si ujinga, Fundi."

"Kwa asiyejua. Mimi namjua mpaka kiuno!"

Hata Shangazi alikuwa upande wa fundi. Kumuuliza mteja wa siku nyingi jina lake ni kumwambia kwamba hukumjali siku zote hizo. Basi Kishikizo akakuna kichwa, akapata njia fupi. Simu ya Shangazi ilikuwa na namba za wateja wote, kila moja na jina lake la dukani. Akazihamisha zote kwa mpigo zikaingia kwenye hifadhidata, yaani ile ghala ya kompyuta inayokumbuka kila kitu. Sasa ukiandika "Tumbo", Tumbo Kwanza anajitokeza na vipimo vyake. Nguo inayokatwa ilionyeshwa kwa rangi nyekundu, inayoshonwa kwa njano, na iliyo tayari kwa kijani, na ukibonyeza kijani kompyuta inalia kengele. Fundi Kimya aliipenda kengele ile kuliko mshahara. Akimaliza hata kiraka, alikimbilia kubonyeza.

Mfumo ukawa unatumika. Lakini Wodi ilibaki vilevile, imejaa, kwa kuwa kompyuta ilijua nguo ziko tayari na wenyewe hawakujua. Siku moja kabla ya mhadhiri kuja, Kishikizo akaongeza kitu cha mwisho: ujumbe wa simu. Mwalimu wa biashara alikuwa amewafundisha kwamba mteja hupendezwa akiitwa kwa jina lake, kwa hiyo ujumbe ulianza kwa salamu na jina. Akaujaribu kwa simu yake mwenyewe. "Habari za leo, Kishikizo. Nguo yako iko tayari. Karibu dukani." Akautazama, akatabasamu. Ulikuwa mtamu kwelikweli.

Shangazi alikuwa ametoka kwenda kumwombea mgonjwa. Kishikizo akamwita Fundi Kimya ashuhudie, akabonyeza, na ujumbe ukaenda kwa kila mwenye nguo ndani ya Wodi.

Jibu la kwanza lilikuja kabla fundi hajarudi kwenye kiti chake. "Tumbo Kwanza ni nani?"

Kishikizo akalisoma, akalisoma tena.

Jibu la pili lilitoka palepale. "Nauliza, TUMBO KWANZA NI NANI?"

La tatu lilitoka kwa mtu mwingine. "Sawa mwanangu, nitakuja kesho." Huyo alikuwa Mama Kesho, wala hakuona kasoro yoyote.

Fundi Kimya alicheka akaanguka juu ya gunia la vipande, akabaki anapigapiga miguu. "Kesho! Amesema kesho! Na jina kaandikiwa, na bado anasema kesho!"

"Fundi, nyamaza! Nimekwisha mimi. Jina limevuka kizingiti!"

Kosa hili, ukilifikiria, lisingeweza kufanywa na mtu mwingine. Mgeni angeona jina kama lile angeshtuka. Lakini Kishikizo alikuwa ameitwa jina la dukani maisha yake yote, kwa mapenzi, na kwake lilikuwa jina kamili. Sheria ya kizingiti aliijua, ila siku zote alikuwa anafikiria mlango wa mbao. Hakufikiria simu.

Shangazi aliporudi alimkuta ameinamia meza. Akaelezwa. Akaketi taratibu, mikono mapajani.

"Umewatumia wangapi?"

"Wote walio Wodi, Shangazi."

"Na Tumbo Kwanza?"

"Yeye ndiye wa kwanza."

Mabega ya Shangazi yakaanza kutikisika. Alijaribu kujizuia, akafunika mdomo kwa khanga, lakini kicheko kikampita. Wakacheka wote watatu mpaka machozi, na ni yale machozi yaliyomkumbusha Shangazi.

"Mungu wangu," alisema, kicheko kikakatika. "Na Bi Machozi?"

Bi Machozi alikuwa mama aliyeleta gauni lake la bluu lipunguzwe baada ya kuugua muda mrefu. Alipojitazama kwenye kioo na kuona gauni linavyomwogelea, alilia. Jina lile walimpa kwa huruma, na hakuna aliyewahi kulitania.

Kishikizo akasema kwa sauti ndogo, "Shangazi, naweza kufuta. Naondoa majina, nazima ujumbe, kesho mhadhiri akija anaona rangi na kengele tu. Hatajua."

"Ukikosea mshono," akasema Shangazi, "unauficha chini ya pindo au unafumua?"

Kishikizo alikwisha inuka kutafuta viatu.

Bi Machozi alifanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nyuma ya kaunta yenye makopo ya misumari. Alipomwona msichana akiingia, aliendelea kumpimia mteja misumari mpaka akamaliza, akamfungia, akamuaga. Ndipo akageuka.

"Kwa hiyo ndivyo mnavyoniita."

"Ndiyo, mama. Nimekuja kuomba msamaha. Kosa ni langu."

"Nililia mara moja tu."

"Nakumbuka."

"Ndiyo. Wewe ndiye uliyeniletea kitambaa cha kufutia." Alipanga makopo yaliyokuwa yamepangika tayari. "Muda wote huo, hakuna hata mmoja aliyeniuliza naitwa nani."

"Tunaona aibu kuwauliza wateja wa siku nyingi, mama. Tunaona kama tutawavunjia heshima."

"Aibu ya kuuliza ni ya dakika moja, binti. Hii ya kusoma ujumbe nimekaa nayo tangu mchana." Kisha, kwa sauti iliyolegea kidogo: "Haya, niulize sasa."

Kishikizo akasogea karibu na kaunta. "Mama, ungependa tukuiteje?"

Yule mama hakutegemea kwamba kungekuwa na kuchagua. Akafikiri. "Andika Mama wa Gauni la Bluu," akasema mwishowe. "Nalipenda lile gauni. Nimelikimbia tu, naogopa kile kioo chenu. Lakini siku hizi nakula vizuri. Yaelekea sasa litanibana."

"Likibana tutaliachia, mama. Tulibakiza kitambaa ndani."

Hapo akatabasamu.

Kishikizo alirudi karibu mbio. Jua likiwa bado kwenye dirisha la cherehani, aliufungua mfumo wake na kuufumua pale ulipokosea. Majina ya dukani akayaondoa yote. Mahali pake akaweka swali moja, nalo lingejibiwa na mteja mwenyewe: Tukuiteje? Kisha akatuma ujumbe mwingine, safari hii Shangazi ameusoma kwanza, tena kwa sauti. "Mteja wetu mpendwa, tulikuita jina ambalo hukutupa. Tusamehe. Njoo utuambie tukuiteje. Nguo yako iko tayari."

"Na mhadhiri?" akauliza Fundi Kimya.

"Mhadhiri atakuta tulichonacho," akasema Kishikizo, akaifunga kompyuta.

Asubuhi, mhadhiri alipofika, hakupata pa kupita. Watu walijaa mpaka nje, wengine wamekuja kuchukua nguo, wengine kutaka maelezo, na wengine walikuja kusikia wenzao waliitwaje. Ilibidi avuke kwa ubavu, miwani yake ikanasa kwenye kifungo cha mtu.

"Duka hili lina nini leo?" aliuliza.

Kabla hajajibiwa, watu waligawanyika mlangoni. Kitambi kiliingia, na nyuma yake akaingia mwenyewe.

"Nani kati yenu?" akasema Tumbo Kwanza.

Macho yote yakamgeukia fundi. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Fundi Kimya alistahili jina lake.

"Ujumbe ameusoma mke wangu," akaendelea yule bwana, akizungusha macho. "Alicheka mpaka akaketi sakafuni. Anasema miaka yote hii alikuwa akilitafuta neno, na ninyi mlikuwa nalo mkanyamaza!"

Duka likalipuka kwa kicheko. Kishikizo akasogea na kompyuta yake, akainama kwa adabu. "Tusamehe, baba. Ungependa tukuiteje?"

"Andika Meneja."

Akaandika Meneja. Shangazi akamletea koti lake, akalivaa, akajitazama kwenye kioo kwa mbele, akageuka kwa ubavu, akajitazama kwa muda mrefu zaidi kwa ubavu. Akashusha pumzi.

"Futa," akasema. "Kweli haifutiki. Liache lilelile, ila mbele yake weka Mheshimiwa."

Basi ikaandikwa: Mheshimiwa Tumbo Kwanza. Akatoka na koti lake akiwa amenyoosha shingo kama bwana harusi.

Mama wa Gauni la Bluu alikuja pia. Gauni lilimbana kweli, na kila mtu akamshukuru Mungu kwa kubana kule. Kufikia mchana Wodi ilikuwa na nguo moja tu inayoning'inia peke yake, nayo si haja kusema ni ya nani.

Mhadhiri alikuwa amekaa muda wote kwenye kigoda karibu na pasi, akiandika. Alipouliza kosa lilikuwa la nani, Kishikizo alisema "Langu," akamweleza yote tangu simu ya Shangazi mpaka misumari, bila kupunguza hata inchi moja.

"Kabla ya kujenga, uliwauliza nani?"

"Shangazi na Fundi."

"Na wateja?"

"Hapana, Mwalimu. Nilidhani mtumiaji wa mfumo ni yule anayebonyeza."

"Na sasa?"

"Ni hata yule anayesoma akiwa kazini kwake, peke yake."

Mhadhiri alifunga kalamu, akasimama, na hapo Fundi Kimya, aliyekuwa amerudiwa na sauti yake, akamkazia macho miguuni.

"Mwalimu, samahani. Pindo la suruali yako limebanwa kwa pini za karatasi. Za ofisini."

Mhadhiri akainama kuangalia, kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. "Zimeshika vizuri tu."

"Zimeshika, Mwalimu. Na mimi naumia."

Hakutoka bila kupimwa suruali mpya. Kishikizo akaandika vipimo, akamuuliza kama alivyowauliza wengine, naye akasema "Mwalimu" yatosha. Mlangoni akageuka. "Na nikishatoka, mtaniitaje?"

"Bado hatujaamua, Mwalimu," akasema Fundi Kimya. "Rudi mara ya pili."

Siku za kungoja matokeo zilikuwa ndefu. Kishikizo alishona mapindo yasiyo na idadi, na Shangazi alisali hata akiwa anapiga pasi. Hatimaye suruali ikaisha. Fundi Kimya akakimbilia kijani, kengele ikalia, na ujumbe ukaenda: "Habari za leo, Mwalimu. Nguo yako iko tayari. Karibu dukani."

Jibu likaja. "Asante. Nitakuja kesho."

"Kesho!" akapiga kelele fundi. "Tumepata wa pili!"

Lakini simu ikalia tena. Shangazi ndiye aliyeishika, akaisogeza mbali na macho kama afanyavyo, akasoma polepole, midomo ikicheza: "Na mwambieni binti, naye yuko tayari. Matokeo yamebandikwa. Amefaulu."

Shangazi akaweka simu juu ya meza ya kukatia, taratibu kana kwamba ni yai. "Mungu, asante," akasema. Halafu akarudia. Kishikizo akajitupa mapajani mwake kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo, na Fundi Kimya akabonyeza kijani bila nguo yoyote, kengele ikalia na kulia.

Siku ya mahafali watu wa dukani walikaa safu ya nyuma, wamevaa walivyoshona wenyewe. Majina yalisomwa moja moja, watu wakapiga makofi kwa watoto wao. Likasomwa jina fulani, na katika safu yao hakuna aliyetikisika. Fundi Kimya hata alipiga mwayo. Ndipo Shangazi akaona msichana mwenye joho lililokaa sawasawa mabegani, joho lililorekebishwa na mikono yake, akipanda jukwaani.

"Ni huyu!" akamsukuma fundi. "Ni yeye! Jina lake hilo!"

Fundi Kimya akaruka juu ya kiti. "KISHIKIZO!" Ukumbi mzima ukageuka. Pale mbele, miongoni mwa wahadhiri, bwana mmoja mwembamba mwenye suruali yenye pindo zuri sana akavua miwani yake akaifuta.

Jina lilikuwa limevuka kizingiti tena, na kwa sheria ya duka, fundi alijua, angekaripiwa. Akamtazama Shangazi kwa pembe ya jicho. Lakini Shangazi alikuwa amesimama naye juu ya kiti, viatu mkononi, anaita kwa sauti kuliko yeye. Kwani mtoto mwenyewe alikwisha ulizwa. Siku ile ya kurekebisha mfumo, kabla ya mteja yeyote, alijaza nafasi ya kwanza kwa mkono wake: Tukuiteje? Akaandika jina lake la dukani.

Na pale jukwaani, cheti mkononi, akageukia safu ya nyuma akapunga mkono.